Daftari la Barabara na Siasa ya Greda

Tangu habari za kupanga matengenezo ya barabara kwa takwimu za kompyuta zianze kuenea wilayani, tumekuwa tukisikia mawazo mawili katika madarasa yetu ya siasa. Wapo makada wanaosema kwamba sasa ubishi umekwisha: mashine imeingiziwa takwimu, mashine imepanga, na kazi ya diwani, ya mwenyekiti wa kijiji na ya mkutano mkuu wa kijiji ni kupokea orodha na kushukuru. Wapo na wengine wanaosema kwamba haya yote ni kasumba ya wataalamu, kwamba mwananchi anaijua barabara yake kwa nyayo zake na hahitaji kompyuta imwambie shimo liko wapi. Mawazo yote mawili ni potofu. Lakini hayakupotoka kwa namna moja, wala hatari zake si sawa, na kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuyahakiki kwa kirefu badala ya kuyachapa yote kwa fimbo moja.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Barabara za wilaya za Tanzania Bara ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017 baada ya kazi hiyo kutolewa mikononi mwa halmashauri. Wakala huo una mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS, ambao kwa lugha nyepesi ni daftari: kila barabara ina namba yake, urefu wake, tabaka lake la juu likiwa la udongo, la changarawe au la lami, hali yake, na makalavati na madaraja yake. Daftari peke yake si jambo la ajabu, kwani hata karani wa zamani alikuwa nalo, limefungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya kabati. Jambo jipya ni uwezo wa kuliunganisha daftari hili na madaftari mengine. Rejesta ya vituo vya afya inajua zahanati iko wapi. Sensa ya mwaka 2022 inajua watu wanaishi wapi. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka huohuo iliipa mitaa majina na nyumba namba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina vipimo vya mvua, na chama cha msingi cha ushirika kinajua ni tani ngapi za mazao zilitoka ghala lipi. Maadamu kila daftari linataja mahali kwa vipimo vilevile vya latitudo na longitudo, madaftari hayo yanaweza kusemezana, na swali ambalo zamani lingehitaji safari ya wiki nzima likajibiwa mezani: kalavati hili likizolewa na maji, ni zahanati gani itakatika, ni wanafunzi wangapi watabaki ng'ambo, ni ghala lipi litakaa na mazao hadi yaharibike?

Anayeudharau uwezo huo hajui tulikotoka. Tusijidanganye kwamba kabla ya kompyuta barabara zilipangwa na umma. Mara nyingi mno zilipangwa na sauti. Greda lilikwenda kwa diwani mkali, likaenda kwenye njia ya shamba la mkubwa, likaenda mahali ambapo mgeni rasmi angepita wiki inayofuata, na kila kada mzee anayesoma makala haya anaijua angalau barabara moja iliyomwagiwa changarawe kwa sababu ya ziara. Kijiji kisicho na msemaji kilingoja. Kwa hiyo kada anayesimama leo na kupiga kelele dhidi ya takwimu kwa jina la wananchi, hana budi aulizwe ni wananchi gani anaowasemea, na je, zama za sauti zilikuwa zikimnufaisha nani?

Hata kuhesabu tu ni jambo la siasa. Daftari la TARURA hapo mwanzo lilikuwa na kilomita 108,946. Baadaye mtandao uliotambuliwa rasmi ukafikia kilomita 144,429. Kilomita zaidi ya 35,000 ziliongezeka. Je, ziliongezeka kwa kuchongwa? La, nchi haichongi kilomita 35,000 za barabara mpya kwa miaka michache. Sehemu kubwa yake ilikuwapo, watu walikuwa wakiipita, wagonjwa wakibebwa juu yake, lakini kwenye daftari haikuwapo, na barabara isiyokuwa kwenye daftari haiombewi fedha. Hapo ndipo tunapowajibu wale wa kundi la pili. Nyayo za mwananchi zinaijua barabara, ni kweli, lakini nyayo haziingii kwenye bajeti mpaka ziandikwe.

Tuje sasa kwa kundi la kwanza, ambalo kwa maoni yetu ndilo la hatari zaidi, maana linavaa joho la sayansi. Kundi hili linasahau kuuliza swali la kwanza ambalo kila mwanafunzi wa siasa hufundishwa kuuliza mbele ya maandishi yoyote: nani ameandika, na kwa kipimo cha nani? Daftari la barabara ni maandishi kama maandishi mengine. Lina mwandishi, lina mtazamo, lina mambo liliyoyasema na mambo liliyoyanyamazia.

Kanuni za kuchagua barabara ya kutengeneza, zinazotumika duniani kote, zina asili inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1971 na 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilifanya uchunguzi mkubwa nchini Kenya juu ya jinsi barabara zinavyochakaa na gharama za magari yanayozipita. Matokeo yake yaliingia katika kanuni za Benki ya Dunia, ambazo kizazi chake cha leo kinaitwa HDM-4. Ni kazi ya kisayansi, hatuibezi, na wahandisi wetu wengi wameisomea. Lakini katika kanuni hizo faida ni nini hasa? Kwa sehemu kubwa faida ni akiba: mafuta yaliyookolewa, matairi yaliyookolewa, vipuri vilivyookolewa, na muda wa abiria. Kwa hiyo penye magari mengi pana faida nyingi, na pasipo na magari faida haipo. Hata kanuni hizo zinaporahisishwa kwa ajili ya barabara za udongo, mzizi wake hubaki uleule, yaani idadi ya magari yanayopita kwa siku.

Tuchukue mfano wa kubuni. Barabara ya kwanza inapitwa na magari 200 kwa siku, ina makorongo kidogo, na ikifungwa ipo njia nyingine ya kuzunguka. Barabara ya pili inapitwa na magari sita. Sababu ya kupitwa na sita ni kwamba kwenye kilomita ya nne kalavati limezama, na madereva wameikimbia. Nyuma ya kalavati hilo kuna vijiji viwili. Anakuja mhesabuji wa magari, anakaa chini ya mwembe na karatasi yake, anaandika sita. Mashine inapokea sita. Barabara ya pili inashuka chini ya orodha, haitengenezwi, mwakani magari yanakuwa manne, inashuka tena. Huko ni kuupindua ukweli kichwa chini, matokeo yakafanywa sababu. Kilichohesabiwa ni kile ambacho ubovu wa barabara umekiruhusu, na haja ya watu haikuhesabiwa kabisa. Kompyuta hapa haikudanganya hata kidogo. Ilijibu kwa uaminifu swali lililoulizwa na mwenye gari.

Tena jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1980 ulifanyika uchunguzi vijijini Makete, na mwingine katika Mkoa wa Tanga, juu ya namna watu wa vijijini wanavyosafiri na kubeba mizigo. Ilionekana wazi kwamba safari nyingi za kaya hazikuwa za gari wala hazikuwa za barabara kuu. Zilikuwa za miguu, kwenda mtoni kuteka maji, kwenda porini kutafuta kuni, kwenda shambani, kwenda mashine ya kusaga, na mzigo mkubwa ulikuwa juu ya kichwa cha mwanamke. Wataalamu wa usafiri wa vijijini duniani wameutaja uchunguzi huo mara nyingi. Sasa tujiulize, ndoo ya lita ishirini kichwani mwa mwanamke inaingia safu gani katika fomu ya mhesabuji wa magari?

Wala msomaji asidhani kwamba upofu huu ni wa nchi maskini peke yake. Mwaka 2012 jiji la Boston nchini Marekani lilitoa programu ya simu iliyoitwa Street Bump. Mwenye gari aliiwasha, akaweka simu yake ndani ya gari, na simu ikapima mtikisiko na kupeleka habari za kila shimo kwa jiji. Wengi walishangilia: jiji litajikarabati kwa takwimu za wananchi wenyewe! Wahakiki wakauliza swali dogo. Mwaka ule, nani alikuwa na simu ya namna hiyo, na nani alikuwa na gari? Mitaa ya wenye nacho ingetoa ishara nyingi, mitaa ya wazee na maskini ingenyamaza, na jiji lingeona mashimo pale tu palipo na simu. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba wenye mradi huo walilitambua tatizo, na waliwapa programu hiyo kwanza wakaguzi wa jiji wanaozunguka mitaa yote. Wakagundua pia kwamba mitikisiko mingi haikuwa ya mashimo bali ya mifuniko ya chuma ya mabomba iliyodidimia barabarani. Hilo ni funzo la kihandisi zaidi kuliko la kisiasa, lakini tumelitaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mashine ikitikisika imekwisha kuelewa. Na kwetu sisi jambo ni zito zaidi, maana barabara mbovu kupita zote haina mtikisiko wowote: hakuna gari linaloipita.

Ukitaka kuona njia nyingine, tazama Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2015, chini ya mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita mitaani pamoja na wakazi, wakachora ramani ya kata zinazofurika, nyumba, vichochoro na mitaro, na kuziweka katika ramani huria ambayo yeyote anaweza kuifungua. Tandale ilikuwa imetangulia kuchorwa mwaka 2011. Mkazi wa bondeni ndiye aliyeonyesha maji yanapoingilia. Takwimu hazikuwa haba kwa sababu zilitoka kwa umma, zilikuwa bora, kwani mtaro ulioziba hauonekani angani kama paa la nyumba linavyoonekana. Mhandisi anaweza kumjibu mkazi huyo, na mkazi anaweza kumkosoa mhandisi, wote wakitazama karatasi moja.

Hapa mhandisi wa wilaya atatusimamisha, na ana haki. Atasema: Ndugu wakufunzi, ninyi mnazungumza haki, mimi nina fungu. Nikifuata kila haja nitatawanya fedha kama mtu anayepanda mtama njiani, kila barabara itapata greda la siku mbili, na masika yakija yote yatakwenda na maji. Atatukumbusha ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1988, iliyoonyesha kwamba katika nchi 85 barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea kwa miongo miwili kwa kukosa matengenezo, ambapo matengenezo ya wakati unaofaa yasingefika dola bilioni 12. Kwa hiyo, atasema, tunza kwanza barabara iliyo nzima isife. Ukianza na iliyokufa, utazika mbili.

Hoja hii ni ya kweli, na makada wanaoikwepa kwa kelele za jazba wanaitia aibu siasa. Upo mgongano halisi hapa, kati ya kulinda kile kilichojengwa na kuwafikia wale ambao hawajafikiwa. Mgongano huo hauondolewi kwa kuchagua upande mmoja. Lakini ndipo hasa takwimu zilizounganishwa zinapoweza kutusaidia, iwapo tutaziuliza swali jingine. Barabara hupimwa kwa wastani: kilomita kumi na mbili, hali ya wastani. Mgonjwa hasafiri juu ya wastani. Kilomita kumi na moja nzuri na mita thelathini za tope ni barabara iliyofungwa. Katika utaratibu wa matengenezo tayari kuna fungu linaloitwa matengenezo ya sehemu korofi, mbali na yale ya kawaida na yale ya muda maalumu. Basi iulizwe kompyuta: katika wilaya nzima, ni sehemu gani moja moja, ambazo kila moja ikitengenezwa kwa kalavati au kwa drifti ya mawe, zitafungua watu wengi zaidi waliokatika? Ipange kwa idadi ya siku ambazo barabara hufungwa kwa mwaka na kwa idadi ya watu wasio na njia nyingine, halafu magari yafuate nyuma. Jibu litakalotoka halitamfilisi mhandisi. Mara nyingi litakuwa orodha ya mahali padogo, penye gharama ndogo, ambapo macho ya wastani hayakupaona.

Tuna jambo la kujikosoa. Katika muhula mmoja tulitoa nakala ya orodha ya barabara za kata moja tukawapa wanafunzi wetu, tukawaambia waende wakaisome ardhini kwa miguu. Barabara moja katika orodha ilikuwa imeandikwa hali ya wastani. Wanakijiji walicheka. Walitueleza kwamba wakaguzi walikuja mwezi wa Agosti, na Agosti kila barabara ya huko ni ya wastani, hata bonde la mpunga ni barabara. Vijana wetu wakarudi na furaha ya kumkamata mtaalamu. Lakini walipoulizwa darasani waliongea na nani, ikaonekana waliongea na mwenyekiti na wanaume waliokaa kijiweni. Mmoja tu, msichana aliyeachwa nyuma kwa sababu kiatu kilimkatikia, alikuwa amekaa kwenye mashine ya kusaga akasikia habari nyingine kabisa. Akina mama pale hawakuilalamikia ile barabara. Walikilalamikia kivuko cha magogo kwenye njia ya mkato iendayo zahanati, ambacho hakimo katika orodha ya wakala, hakikutajwa na mwenyekiti, wala hakikuandikwa na vijana wetu ishirini wenye madaftari mapya. Sisi wenyewe tulikwenda mwezi wa Agosti. Tulikosoa orodha ya watu kwa makosa yaleyale ya kwetu.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mkutano wa kijiji ni dawa ya kila kitu. Kijijini nako kuna mwenye trekta na asiye na jembe, kuna anayesikika na asiyesikika, na mara nyingine takwimu baridi ya kompyuta inaweza kumtetea mama asiyesema mkutanini kuliko azimio lililopitishwa kwa makofi. Tunachosema ni kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kukataa ule utaratibu wa wataalamu na viongozi wachache kuamua, kisha wananchi wakahimizwa kutekeleza. Kukataa huko hakuwezi kufutwa kwa sababu tu wachache hao sasa wana kompyuta. Uzito unaopewa idadi ya magari dhidi ya siku za kukatika, au tani za mazao dhidi ya wajawazito, si swali la hesabu. Ni uamuzi wa siasa uliofichwa ndani ya safu ya namba. Kama ni uamuzi, basi utoke mafichoni uende kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kwenye baraza la madiwani, uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ubishaniwe kabla namba hazijajumlishwa. Mrasimu atasema jambo hili litachelewesha. Litachelewesha, ndiyo.

Tena fedha zenyewe ni za nani? Mfuko wa Barabara unajazwa hasa na tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za vijijini na mijini. Abiria wa bodaboda anailipa tozo hiyo ndani ya nauli yake. Mkulima anailipa katika gunia la mbolea lililopakiwa kwenye lori. Hata yule mama wa mashine ya kusaga anailipa, kama mashine ile inaendeshwa kwa dizeli, kila debe analosaga, ingawa hana gari wala hatakuwa nalo. Mwenye kulipa ana haki ya kulisoma daftari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na mbao za matangazo za vijiji zipo kwa ajili ya mapato na matumizi. Ukurasa mmoja wa barabara za kijiji, wenye majina ambayo wenyeji wanayatumia na si namba tupu, unaonyesha hali iliyoandikwa, tarehe ya ukaguzi na sababu ya barabara kupangwa au kutopangwa, ungetosha kuanzia. Na penye mstari unaobishaniwa, ubishi huo uandikwe palepale uingie mfumoni pamoja na jina la kijiji. Vikundi vya kijamii vinavyopewa kazi ya kufyeka nyasi na kuzibua mitaro vipo barabarani wakati mkaguzi hayupo. Hao ndio macho ya masika, na simu ya kawaida mkononi mwa mmoja wao inatosha kupeleka habari kwamba leo njia imefungwa.

Je, mfumo utaweza kupokea barabara ambayo si barabara, yaani kivuko cha magogo kwenye njia ya miguu? Mhandisi mmoja tuliyemuuliza alijibu kwa unyoofu kwamba fomu haina nafasi hiyo, na kwamba akiiandika mahali pengine itaonekana kama kosa la uingizaji. Swali hilo tumelipeleka kwenye kamati ya kata husika kama lilivyo. Kundi lijalo la wanafunzi wetu litakwenda huko mwezi wa Aprili wakati wa mvua, watavaa mabuti, na wataanzia kwenye mashine ya kusaga.